Mikeka ya Katani Ndani ya Betri

Niliolewa mlimani nikitokea Mazinde, na kazi ya kwanza niliyofundishwa huko ukweni, kabla hata ya kuonyeshwa shamba, ilikuwa kusukuma gari.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova ya zahanati ya kijiji chetu, kijiji cha ujamaa kilichokuwa mbele kidogo ya Malindi, ile ya milima ya Usambara. Betri yake ilikuwa haina nguvu, kwa hiyo dereva aliliegesha kila jioni juu ya mteremko wa shule. Asubuhi, ukungu ungali umelala bondeni, tulikuwa tukiitwa. Wake kwa waume tulishika bodi ya bati iliyokuwa baridi kama jiwe la mtoni, tukasukuma kwa wimbo, gari likateremka, likakohoa, likawaka. Halafu tulirudi majumbani tukihema, viganja vyekundu. Mimi nilitoka kwenye joto la bondeni na nilikuwa sijazoea baridi ile. Wiki ile ya kwanza midomo ilinipasuka hata nikashindwa kucheka.

Baba yangu alifanya kazi katika shamba la mkonge. Nilikua nikisikia korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, ikivuma tangu alfajiri, na pua yangu ilikuwa haisikii tena uchachu wa makapi yake. Nilijua kuchana katani mpaka ikawa laini kama nywele, kuisokota pajani, kuifuma vikapu na mikeka. Huko mlimani ujuzi huo haukuwa na maana. Watu walikuwa na migomba, kabichi, mipeasi na chai, na mtu aliyetoka chini walimwita mtu wa nyika, bila ubaya, lakini pia bila sifa.

Mume wangu alikuwa fundi. Alijifunza Tanga, kwenye gereji, akarudi kwao wakati watu walipoambiwa wahamie pamoja kijijini. Serikali ya kijiji ilimpa chumba cha mwisho cha ghala la mazao. Humo alitengeneza redio, baiskeli, karabai, cherehani, chochote kilichoharibika. Kila mtu alimwita Fundi. Nami nikamwita Fundi, hata chumbani, mpaka mwisho.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa betri. Miaka ile betri mpya ilikuwa haipatikani. Kijiji kilipeleka barua wilayani, Lushoto, na jibu lilikuwa lile lile kila mara: zimekwisha, subirini. Kwa hiyo Fundi alizifungua zile zilizokufa na kuzifufua.

Wiki ya pili baada ya harusi alinionyesha. Alipasha kisu kwenye makaa, akakata lami iliyoziba juu ya betri, akavuta seli moja kwa koleo. Ilitoka ikichuruzika tindikali, pleti nyembamba zimepangwa kama kurasa za kitabu kilichotumbukia majini.

"Hizi za kahawia ni upande wa chanya," akasema. "Hizi za kijivu ni hasi. Umeona hiki kiunzi? Ni risasi. Kama wavu. Na humo kwenye matundu ya wavu kumekandikwa udongo wake, kama tunavyokandika nyumba."

"Basi ugonjwa wake ni nini?"

Akainamisha boksi la betri. Chini kulikuwa na tope zito la rangi ya kutu. "Ndio huu. Barabara zetu zinaitikisa, udongo unabanduka kwenye fito, unaanguka. Ukijaa huku chini unaunganisha chanya na hasi. Hapo imekufa."

Alichagua pleti nzima kutoka betri tatu, akaziosha, akaunda betri moja. Hiyo ilikaa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi miwili. Halafu tulirudi kusukuma.

Mume wangu alikuwa na dada mmoja tu, mdogo wake. Yeye ndiye aliyenipokea kwa moyo. Alinifundisha salamu za Kishambaa, onga maundo ya asubuhi, akinicheka nilipokosea na kunirekebisha mbele za watu bila kunitia aibu. Alikuwa ameolewa miaka sita bila mtoto, na watu walikwishaanza kusema. Mwaka wangu wa pili mlimani akapata ujauzito. Alitembea akiwa ameweka mkono tumboni kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

Uchungu ulimshika wakati wa masika, saa za mchana. Mganga wa zahanati alimpapasa, akatoka nje, akamwita Fundi pembeni. "Mtoto amelala upande," akasema. "Hapa sina uwezo. Apelekwe hospitali, Lushoto, sasa hivi."

Bahati ilionekana kuwa yetu. Juma lililopita Fundi alikuwa ametengeneza tena betri ya gari, na hii aliisifia. Alimwambia dereva mbele yangu, "Hii itakufikisha mpaka Idi." Na kweli, siku ile gari liliwaka bila kusukumwa. Fundi aliufunga mlango wa nyuma kwa mkono wake. Nafasi ilikuwa ndogo. Alisema mimi niende, nimshike wifi yangu, yeye atafuata kwa miguu.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye kona moja ambayo maji hushuka kutoka msituni na kugeuza udongo mwekundu kuwa uji. Gari liliteleza, likaelekeza pua kwenye ukingo, likazima. Dereva aligeuza ufunguo. Hakukuwa na sauti. Akageuza tena. Kulisikika tak moja, ndogo, kama mtu anayevunja kijiti, kisha kimya.

"Mkono wa kuwashia?" nikamwuliza.

"Ulivunjika kabla sijaajiriwa."

Mbele ilikuwa kupanda, nyuma ilikuwa kupanda. Tulikuwa shimoni na tope linafika kwenye ekseli. Dereva alikimbia kuita watu mashambani. Wifi yangu alishika kitambaa cha gauni langu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wifi, hili gari halitaondoka, sivyo?" Nikamwambia litaondoka. Ndio uongo wa kwanza niliowahi kumwambia.

Walikuja wanaume wanne. Waling'oa benchi la nyuma, wakaligeuza machela, wakamfunika na turubai, wakambeba. Nilitembea pembeni nikimshikilia turubai lisipeperuke. Tulikwenda hivyo mvuani kwa muda ambao hata leo siwezi kuupima, mpaka tukakutana na lori la kabichi lililokuwa likirudi mjini. Wifi yangu alifika hospitali akiwa hai, na alipona. Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa kimya.

Fundi alitukuta huko jioni, amelowa mpaka kifuani. Nilimweleza pale pale barazani kwa sababu nilijua akisikia kwa mwingine itakuwa vibaya zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari za mtoto kwanza. Aliuliza, "Ilitoa mlio gani?"

Nikamwambia. Tak moja.

Akakaa chini sakafuni.

Baada ya mazishi aliifungua ile betri. Nilikuwepo. Tope lilikuwa limejaa chini kama ambavyo ningeweza kutabiri hata mimi wakati huo. Alilitazama kwa muda mrefu, halafu akaosha visu vyake, koleo, hidrometa ya kupimia tindikali, akavifunga katika gunia na kulitia sandukuni. Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kumwambia, "Redio nitatengeneza. Baiskeli nitatengeneza. Betri sifungui tena." Akachukua jembe akaungana na wengine kwenye shamba la ujamaa.

Hakuna aliyemlaumu. Watu walisema ni kazi ya Mungu, na walisema kwa dhati. Nadhani hilo lilimwumiza kuliko lawama, maana hakuwa na wa kubishana naye. Alikula kidogo. Usiku aligeukia ukutani. Asubuhi tuliposukuma gari, yeye alisukuma akiwa wa nyuma kabisa, uso chini, hatoi wimbo.

Siku arobaini zilipopita wifi yangu alikuja kwetu. Alikuwa amekonda na macho yake yalikuwa makubwa. Kaka yake alikuwa uani akinoa jembe. Alipomwona akataka kuinuka aondoke.

"Kaa, kaka," akamwambia. Akakaa. Wifi yangu akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Shikamoo."

"Marahaba."

"Nimesikia umeacha kazi."

"Nimeacha betri."

"Wewe hukumwua mwanangu," akasema. Nilikuwa jikoni, nikisikia kila neno. "Nimefikiri sana nikiwa nimelala, na ningekuwa naona hivyo ningekwambia. Lakini gari bado halina betri. Na mimi si mwanamke wa mwisho kuzaa katika kijiji hiki."

Fundi akarudi kunoa jembe. Wifi yangu alisubiri kidogo, akaongeza, "Halafu nimekuona shambani. Unalima vibaya."

Nilimsikia mume wangu akitoa sauti puani ambayo haikuwa kicheko lakini ilikuwa jirani yake. Kesho yake hakwenda shamba. Nilimkuta ghalani, sanduku liko wazi, zile pleti zilizoharibika amezipanga juani kwenye gunia.

"Kuziosha na kuzibadilisha si dawa," akaniambia, kana kwamba tulikuwa tukizungumza tangu jana. "Lazima nipate kitu cha kuushika huu udongo kwenye kiunzi chake. Kitu chembamba. Tindikali ipite, umeme upite, udongo usipite."

Nikamwambia, "Unataka mkeka."

Akanitazama.

Nilikuwa na shungi la katani nililokuja nalo kutoka nyumbani. Nililichana, nikafuma mkeka mwembamba kama chachi, nikakata vipande sawa na pleti. Tuliifunga kila pleti ya kahawia kwa mkeka wake. Tuliiweka betri kwenye redio ya kijiji, ile iliyokuwa ofisini, ambayo watu walikusanyika kusikilizia taarifa ya habari na masomo ya watu wazima. Ilipiga siku nane. Ya tisa ikanyamaza. Fundi alipoifungua, mkeka wangu ulikuwa umekuwa uji wa rangi ya chai.

"Tindikali inakula mmea," akasema. "Nilipaswa kujua. Angalia suruali yangu." Suruali zake zote zilikuwa na matundu, kana kwamba zimeliwa na mende.

Tukajaribu nyuzi za sweta kuukuu. Tukajaribu kamba ya plastiki. Ile haikulika, lakini mikeka yake ilitoka minene, betri ikawa dhaifu. Yeye alitaka mkeka ambao wenyewe unapitisha umeme, usaidie kuubeba kutoka kwenye ule udongo mpaka kwenye risasi, huku vile vibao vyembamba vya betri vikiendelea kutenganisha chanya na hasi. Alizungumza hivyo huku akikoroga tindikali kwenye mtungi wa kioo, na nikaona anakorogea kijiti cheusi.

"Hicho ni nini?"

"Kijiti cha betri ya tochi. Kile cha katikati, cha kaa, yaani mkaa." Akakitoa, akakifuta. "Ninacho tangu Tanga. Tindikali haikifanyi kitu."

"Na umeme?"

"Unapita. Ndiyo kazi yake." Akakigeuza kijiti mkononi. Halafu akasema polepole, "Mkaa."

Sasa, mimi nilikuwa nimeona wachoma mkaa tangu utotoni. Ukichoma gogo wazi linakuwa majivu. Ukilifukia udongo, moto usipate pumzi, linatoka mkaa, na ukiutazama mkaa wake unaona mishipa yote ya mti, hata jicho la tawi. Nikamwambia hivyo. Nikamwuliza, "Kama gogo linabaki na umbo lake, kwa nini mkeka usibaki na wake?"

Alichukua kopo la mafuta ya kupikia, akatia mkeka ndani, akaziba kifuniko kwa udongo wa mfinyanzi, tukalifukia katika makaa ya jiko langu tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Tulipolifungua mkeka ulikuwa mweusi, mzima, kila uzi mahali pake. Nilipiga vigelegele. Fundi aliunganisha balbu ndogo ya tochi, akagusa ncha moja ya waya huku na nyingine kule. Balbu haikuwaka. Akabonyeza zaidi, na mkeka ukavunjika vipande mikononi mwake.

"Moto mdogo," akasema. "Jiko halitoshi."

Mhunzi wa karibu aliishi chini ya bonde, mwendo wa saa moja kwa miguu. Tulikwenda watu watatu, maana wifi yangu alipopata habari alikataa kubaki. Mhunzi alikuwa mzee mfupi mwenye mikono ya kijana. Tulimwamkia, tukamweleza, akalipokea kopo na kuligeuza geuza.

"Majembe nimefua," akasema. "Mapanga, mashoka, kengele za ng'ombe. Mkeka sijapata kuufua."

"Tunaomba tu moto wako, mzee," Fundi akasema.

"Moto upo. Mikono ya kuvuvia hakuna. Wajukuu wote wako shule."

Basi tulivuvia sisi. Mimi na wifi yangu tulipokezana kwenye mivukuto ya ngozi, yeye akihesabu kwa Kishambaa ili tusipoteze mwendo, na kopo lilipata wekundu, kisha rangi ya chungwa, likaanza kuwa jeupe pembeni. Nilimtazama akivuvia. Jasho lilikuwa linamtiririka na alikuwa ameuma mdomo wa chini. Nilitaka kumwambia apumzike, sikumwambia. Alivuvia kama mtu mwenye jambo lake na ule moto.

Tuliliacha kopo lipoe lenyewe. Fundi na mhunzi wakaenda kuswali adhuhuri. Sisi tukala viazi vya mke wa mhunzi. Lilipofunguliwa, mkeka haukuwa mweusi tu, ulikuwa unang'aa kidogo kama manyoya ya kunguru, na ulipogusana na kopo ulitoa mlio mwembamba. Fundi aliushika kwa vidole viwili. Akaweka waya. Balbu ikapata wekundu ndani, hafifu, kisha ikatulia na kuwaka njano.

Alicheka. Tangu masika nilikuwa sijasikia kicheko chake. Wifi yangu aligeuka akautazama mlima, na mhunzi akauliza kwa nini watu wanalia kwa ajili ya kitaa kidogo namna hiyo.

Haikuwa mwisho wa shida. Mikeka ilivunjika tulipoipakia kati ya pleti. Ilinichukua wiki nyingi kupata njia. Niliacha kufuma kabisa. Niliichana katani mpaka ikawa kama pamba, nikaitandaza juu ya bati tabaka tatu, kila tabaka likielekea upande wake, nikainyunyizia uji mwepesi wa muhogo, nikaweka bati jingine juu na jiwe la kusagia juu ya bati. Ikikauka inakuwa kama karatasi yenye manyoya. Tuliichoma ikiwa bado imebanwa kati ya mabati yake. Muhogo nao uligeuka kaa na kuzishika nyuzi. Ilitoka inapinda kidogo kabla ya kuvunjika, na hiyo ilitosha. Katani ilipokwisha nilishuka Mazinde kumwomba baba yangu. Alinipa mafungu mawili na kuniuliza kama huko mlimani wamekosa kamba. Nilipomweleza, alisema nilikuwa nimekula kitu kibaya.

Fundi alianza tena na redio ya ofisi. Ilipiga mwezi mzima, ukaanza wa pili. Watu wakamwambia atie betri kwenye gari; akakataa. Alitaka kuifungua kwanza aone chini. Aliifungua. Tope lilikuwepo, lakini la kufunika sakafu tu. Ndipo akatengeneza ya gari, seli zote, kila pleti na mkeka wake, na alipomkabidhi dereva, dereva akamwuliza kwa mzaha usio mzaha:

"Je, Fundi, hii itanifikisha mpaka Idi?"

"Sijui," akasema. "Kila Jumamosi niletee niipime. Nikijua nitakwambia."

Asubuhi ya pili watu walikuja mteremkoni kama kawaida, wamejifunga vitenge vichwani, wanavuvia viganja. Dereva akaingia, akageuza ufunguo, gari likanguruma pale pale lilipokuwa. Hakuna aliyesogea. Tulisimama mikono imenyooshwa kuelekea bati, kama watu waliokuja kusalimia mgeni wakamkosa. Kisha mama mmoja akasema, "Sasa tutaota joto na nini?" na watu wakaangua kicheko, na wengine wakalisukuma hivyo hivyo, likiwa linakwenda lenyewe.

Betri ile ilivuka vuli, ikavuka kiangazi cha baada yake, ikaingia masika. Kila Jumamosi dereva aliileta. Nilijua ni mgonjwa gani amepelekwa wiki ile kwa namna Fundi alivyokuwa akiipima. Mwanamke wa kwanza wa uzazi kupelekwa alikuwa jirani yetu. Fundi alisimama barabarani mpaka gari likarudi, hakula, na dereva alipoinua kidole gumba dirishani, alirudi ghalani.

Ilipokufa tuliifungua pamoja. Upande wa kijivu mikeka yangu ilikuwa mizima, unaweza kuitoa na kuitumia tena. Upande wa kahawia ilikuwa imelika, imebaki masizi. Nilihuzunika, yeye alifurahi kama mtoto. "Imetueleza," alirudia. "Imetueleza yenyewe." Kuanzia hapo upande wa kahawia alitumia nyuzi za plastiki nilizozichana nyembamba kadiri nilivyoweza, na upande wa kijivu kaa la katani. Tulitengeneza nyingine kadhaa, za kijiji chetu na za vijiji vya jirani, na moja ya mashine ya kusaga.

Habari zikafika mbali. Siku moja akaja bwana mmoja mtaalamu, amevaa suti ya Kaunda, akatuuliza maswali ya adabu na kuandika. Alimwuliza Fundi nani alibuni mkeka. Fundi akanionyesha kwa kidevu. Bwana yule aliendelea kuandika bila kuinua kichwa, na sikujua ameandika nini. Aliondoka na mikeka miwili ndani ya gazeti, akaahidi barua. Barua haikuja. Fundi alikasirika siku mbili, ya tatu akasema pengine ilivunjika njiani.

Miaka ya baadaye betri mpya zilianza kufika, za plastiki, zimefungwa juu hata kisu cha moto hakiingii. Kazi ile ikaisha polepole. Mume wangu alirudi kwenye redio, na baadaye mikono yake ikaanza kutetemeka na tumbo kumsokota. Daktari alimwuliza alifanya kazi gani, na alipomjibu, daktari aliandika kwa muda mrefu. Tulikuwa tukishika risasi kwa mikono mitupu na kula ndizi kwa mikono hiyo hiyo. Hatukujua; hakuna aliyetuambia. Nilimzika kiangazi kimoja, na wifi yangu ndiye aliyenishika kitambaa cha gauni safari hiyo.

Yeye alipata mabinti wawili. Wa kwanza alizaliwa hospitali. Mama yake alipelekwa wiki mbili kabla, kwa amri ya kaka yake, ingawa mtoto alikuwa amelala vizuri kabisa. Leo wifi yangu ni bibi, na akinitembelea hatuzungumzi sana habari za betri. Tunazungumza bei ya peasi na wajukuu.

Lakini mimi, nikiwa peke yangu, nakumbuka zaidi asubuhi za Julai pale ghalani. Baridi ilikuwa kali, na jua lilipoufikia ukuta wa mashariki tulihamishia kazi yetu huko, tukaegemea mawe yaliyoanza kupata joto. Mimi na wifi tulichana katani, nyuzi zikiruka na kutunasa kwenye nyusi. Fundi alikuwa katikati yetu na pleti zake, akipiga mluzi bila kujua, na kila alipopita mtu barabarani akatuamkia, tuliitikia watatu kwa pamoja bila kuinua macho.